Ningu Anapopanda Mto Kuja

Mvua ya masika ikishika kwenye milima ya Kisii, habari zake hufika ziwani hata kama pwani ya Nyatike bado ina jua kali. Huletwa na maji. Mto Kuja, ambao watu wa huko juu huuita Gucha, huwa mwekundu kwa udongo, hupanda kingo zake, huzoa majani, vijiti na wadudu, na kuvimwaga vyote katika Ziwa Viktoria upande wa kaunti ya Migori. Pale mlangoni, maji mekundu yanapoingia katika maji ya kijani ya ziwa, hukusanyika samaki ambao kwa miezi kadhaa walikuwa wametawanyika. Wanaonja mabadiliko ya maji, wanageuza vichwa kuelekea mkondo unakotoka, na wanaanza kupanda.

Wengi wao, zamani, walikuwa ningu.

Ningu ni samaki wa kiasi. Mkubwa kabisa hufikia kama sentimita 40, na wa kawaida ni wa kujaa sahani moja. George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la London, alimpa jina la kisayansi Labeo victorianus mwaka 1901, na hadi leo hajulikani kuishi penginepo duniani ila katika ziwa hili na mito yake. Mdomo wake uko upande wa chini, wenye midomo minene ya kukwangua mwani na mabaki laini yaliyotulia juu ya tope na mawe. Hawindi samaki wenzake. Nyama yake ni tamu, miiba yake ni mingi, na kwa sababu hizo mbili mlaji wake hula taratibu. Wazee wa Kadem na Karungu wanamkumbuka akikaushwa kwa moshi mafungu kwa mafungu, akapikwa akaliwa na kuon, yaani ugali, wiki nyingi baada ya mvua kukatika.

Mhadhara huu unamhusu yeye, na una hoja moja ya kutetea. Ningu alipungua kwa sababu alinaswa mlangoni mwa mto akiwa na mayai tumboni, kwa zana ambazo desturi ya uvuvi wa mahali hapa haikuzijua. Chanzo hicho kiliandikwa na wataalamu miaka mingi iliyopita, kabla ya mbuta, yaani sangara, kutawala ziwa. Kwa kuwa mahali pa tatizo panajulikana na majira yake yanajulikana, panaweza kulindwa kwa wiki chache tu za mwaka.

Kwanza ieleweke samaki wa ziwa anatafuta nini mtoni. Ziwa lina chakula, lina nafasi, lakini kwa yai dogo lisilo na mlinzi ni mahali pa kutisha. Ngege na fulu, samaki wengine wa ziwa hili, walipata njia yao: mama hubeba mayai na vifaranga kinywani mpaka wajiweze. Ningu hana malezi ya namna hiyo. Jike mmoja hubeba makumi ya maelfu ya mayai, huyaachia majini mara moja, dume huyarutubisha, na wazazi huondoka. Mayai ya namna hiyo yanahitaji mahali ambapo walaji ni wachache, hewa imo majini kwa wingi, na chakula cha vifaranga kinazaliwa siku hiyo hiyo. Mahali hapo ni nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko.

Mto unapofurika, maji husambaa kwenye malisho, kwenye vijito vya muda, kwenye mabonde yaliyokuwa makavu wiki moja kabla. Nyasi zilizozama huanza kuoza na kulisha vijidudu vidogo vidogo, navyo huongezeka kwa kasi. Samaki wakubwa walao wenzao ni wachache katika maji hayo ya kina kifupi. Peter Whitehead, aliyefanya kazi ya uvuvi Kisumu katika miaka ya 1950, na Geoffrey Fryer, mwanasayansi aliyekuwa Jinja, walichapisha mwaka 1959 utafiti wao juu ya uzazi wa ningu, tangu utagaji hadi ukuaji wa kifaranga. Walionyesha kwamba ningu hutaga pembeni mwa mto, katika maji ya mafuriko juu ya nyasi, na kwamba mkondo mkuu ni barabara yake tu ya kufika huko. Yai huvimba likigusa maji, na huanguliwa haraka, katika muda wa siku moja au mbili. Haraka hiyo ina sababu. Maji yaliyopanda leo yanaweza kushuka keshokutwa, na kifaranga asiyeweza kuogelea wakati huo hubaki kwenye dimbwi linalokauka.

Mwaka huo huo Whitehead alichapisha pia makala kuhusu samaki wote wa Ziwa Viktoria wanaopanda mito kuzaa. Ningu hana safari ya peke yake. Hupanda pamoja na fwani, ambaye ni jamaa yake mkubwa zaidi, sire asiye na magamba, mumi, okoko mwenye miiba ya mapezi inayochoma, osoga, na makundi ya adel wadogo wa urefu wa kidole. Kila mmoja ana umbali wake. Wengine huishia kwenye vinamasi vya karibu na ziwa. Wengine, ningu na fwani wakiwamo, husafiri makumi ya kilomita. Safari ni mbili kwa mwaka, moja wakati wa masika ambayo Wajaluo huiita chwiri, na nyingine ndogo zaidi wakati wa vuli. Kwa wakulima wa Migori na Homa Bay mvua hizo mbili ni misimu ya kupanda mahindi na mtama. Kwa ningu ni misimu ya kuzaa, na yote miwili huanzishwa na jambo lile lile: maji kupanda.

Ufahamu huu ni wa kale zaidi kuliko vitabu vya wakoloni. Kwenye Mto Kuja kuna maporomoko ya Gogo, na kando yake kuna mojawapo ya maeneo muhimu ya akiolojia katika Kenya magharibi. Peter Robertshaw alichimba hapo katika miaka ya 1980 akakuta tabaka juu ya tabaka: vyungu vya Kansyore vya wavuvi na wawindaji wa kale, kisha athari za wafugaji wa ng'ombe na kondoo, kisha vyungu vya Urewe vya wakulima wafua chuma. Mifupa ya wanyama na samaki ya Gogo ilichunguzwa na Fiona Marshall na Kathlyn Stewart, na jamii ya fwani na ningu imo humo. Kwenye Mto Sondu, kaskazini kidogo, eneo la Wadh Lang'o lina simulizi inayofanana na hiyo.

Ukiweka maeneo hayo juu ya ramani, unaona mpangilio. Watu wa Kansyore waliacha majaa makubwa ya kombe za konokono na chaza wa maji baridi ufukweni mwa ziwa, mengine katika eneo ambalo leo ni Homa Bay, na waliacha mifupa mingi ya samaki kwenye maporomoko ya mito. Waakiolojia wametoa maelezo kwamba jamii hizo zilihama kwa majira: kiangazi ufukweni, na wakati wa mvua kwenye maporomoko, ambako samaki wanaopanda hupungua mwendo na kurundikana chini ya mwamba. Maelezo hayo yanasadikika kwa urahisi kwa yeyote aliyeona mto wa huku ukijaa. Mtu hahitaji mtumbwi wala wavu mrefu mahali ambapo samaki mwenyewe analetwa na safari yake hadi miguuni. Yapata miaka 7,000 iliyopita, basi, kulikuwa na watu kando ya Kuja na Sondu waliopanga mwaka wao kwa kufuata samaki wa mvua.

Wajaluo walipoenea katika nchi hii walikuza ufundi wao wa mtoni, na ufundi huo unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndani yake mna hekima ya uhifadhi iliyopuuzwa. Chombo kikuu kilikuwa kek. Ni uzio wa miti na matete unaokingamishwa mtoni, wenye nafasi zilizowekwa migono ya kufumwa. Ulijengwa na watu wengi kwa pamoja, kila familia ikawa na nafasi yake, na ulihitaji kukarabatiwa kila msimu kwa sababu mto wenye nguvu haumheshimu fundi. Jambo la kuzingatia ni upande ilikoelekezwa migono. Katika kek, samaki waliolengwa zaidi ni wale wanaoteremka, yaani wanaorudi ziwani wakiwa wameshataga. Mafuriko yakiwa katika kilele chake hakuna uzio unaoweza kusimama. Maji yakipungua ndipo kazi inapoanza, na hapo kizazi kipya kimeshaachwa kwenye nyasi. Watu walikula wazazi baada ya uzazi kukamilika. Haikuwa lazima mtu awaze juu ya uhifadhi ili matokeo yawe ya uhifadhi. Nguvu ya mto na umbo la mtego vilitosha.

Kisha ukaja wavu wa kutega. Mnorwe mmoja aitwaye Aarup ndiye anayetajwa kuuleta wavu wa kitani katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo ni Ghuba ya Winam, mwaka 1905. Ulivua ngege kwa wingi usiowahi kuonekana, na reli iliyofika Kisumu miaka michache kabla ilikuwa tayari kubeba samaki kwenda mbali. Ndani ya miaka 20 wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba nyavu zinatoka tupu. Serikali za kikoloni zikamwita Michael Graham, ambaye alichunguza ziwa zima mwaka 1927 na 1928, akapendekeza nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi 5. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kanuni ya Graham ilitungwa kwa ajili ya ngege, lakini ilimfaa ningu pia, kwani ningu wengi hupenya katika tundu la inchi 5. Iliposimamiwa, ilimlinda. Ilipolegezwa, ndipo mlango wa mto ulipogeuka machinjio. Katika miaka ya 1950 nyuzi za nailoni ziliingia, nyepesi, zenye kudumu, zisizooza kama kitani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 kanuni ya inchi 5 ilikuwa imeondolewa. Nyavu za matundu madogo zikafuata, na mahali pa kuzitegea palijulikana na kila mvuvi: mbele ya mlango wa mto, wiki ya kwanza ya mafuriko, samaki wakiwa wamejikusanya wakisubiri kupanda.

Hesabu yake ni ya uchungu. Jike anayenaswa pale hafi peke yake. Hufa na mayai yote aliyobeba. Na kwa kuwa samaki wa mto mzima hupita katika mlango mmoja, nyavu chache zilizopangwa vizuri zaweza kugusa karibu kizazi chote cha mwaka. Mtego wa kek ulivua wale waliomaliza kazi yao. Wavu wa mlangoni ulivua wale ambao hawajaianza. Yote mawili huitwa uvuvi, lakini kwa samaki tofauti yake ni kubwa kupita maelezo.

Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, akitumia hasa mfano wa Mto Nzoia, na akaeleza pia jinsi mbinu za jadi za mtoni zilivyodhoofika pamoja na samaki wenyewe. Tarehe hiyo ina uzito. Mbuta alikuwa ameletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mlipuko wake mkubwa, ule uliowafuta mamia ya aina za fulu, ulikuja miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaanguka takriban miaka 20 kabla. Mazungumzo mengi ya ufukweni, na hata baadhi ya yale ya ofisini, humtwika mbuta lawama zote za ziwa hili. Katika kesi ya ningu lawama hiyo haimfiki yeye kwanza. Ni muhimu kusema hivyo bila kumung'unya, kwa sababu anayeamini kwamba mbuta ndiye aliyemmaliza ningu ataamini pia kwamba hakuna la kufanya; mbuta hatatoka tena katika Ziwa Viktoria. Nyavu za mlangoni zaweza kuondolewa asubuhi moja.

Kek yenyewe ilipotea namna gani? Ilipotea kwa njaa ya samaki. Uzio unaohitaji nguvu za familia kumi hauwezi kujengwa kwa ajili ya ndoo moja. Samaki walipopungua, vijana waliacha kwenda, wafumaji wa migono walizeeka bila wanafunzi, na wavuvi waliobaki wakanunua nyavu. Maarifa ya mto yaliyokusanywa kwa vizazi yalikatika katika muda mfupi kuliko umri wa mtu mmoja.

Mengine yamejiongeza juu ya jeraha hilo la kwanza. Pale pale Gogo, ambapo watu wa kale walivua, lilijengwa bwawa la umeme katika miaka ya 1950 ili kuendesha mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini mitambo bado ipo chini ya kampuni ya KenGen, ikitoa takriban megawati 2. Maporomoko ya asili humchosha samaki na kumchelewesha. Ukuta humkataza kabisa. Kwenye Sondu mradi ni mkubwa zaidi: tangu miaka ya 2000 maji huelekezwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 ili kuzalisha megawati 60, na sehemu ya mto wa asili chini ya bwawa hubaki na maji machache kuliko zamani. Umeme unahitajika, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayependekeza kuuzima kwa ajili ya samaki. Kinachopendekezwa ni kwamba mipango ya kuipanua mitambo ya Gogo, ambayo imezungumzwa kwa miaka kadhaa, isimwache samaki nje ya michoro. Njia ya maji ya ngazi ngazi kando ya bwawa ni sehemu ndogo ya gharama ikijengwa pamoja na ukuta, na ni gharama kubwa ikija baadaye.

Homa Bay inao mfano wake wa kutia moyo. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga, nalo likafunga mlango wa maji uliokuwa ukipitisha mkondo kati ya ghuba na ziwa kuu. Wavuvi walilalamika miaka mingi juu ya maji kutuama na gugumaji kujaa. Mwishowe daraja likajengwa, na tuta likafunguliwa maji yapite. Ilichukua muda mrefu mno, lakini ilifanyika. Njia iliyofungwa na watu ilifunguliwa na watu.

Mito ya Homa Bay yenyewe ni midogo. Awach Kibuon na Awach Tende hushuka kutoka nyanda za juu kupitia nchi ya Rachuonyo hadi ghubani, na hujaa na kupungua kwa saa chache. Udogo huo ni hatari kwa samaki anayepanda. Katika Kuja wavu mmoja huacha pengo. Katika Awach wavu mmoja waweza kufunga mto kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu kuna mchanga. Magari ya kubeba mchanga yanajulikana sana katika Karachuonyo, na kila shimo linalochimbwa kando ya mto hubomoa ukingo, hutibua maji na kuondoa nyasi ambazo ningu angezihitaji. Wachimbaji wengi ni vijana wasio na kazi nyingine. Jambo hilo halifuti madhara, lakini linaonyesha kwamba askari peke yake si jibu.

Upande wa Migori kuna dhahabu. Machimbo madogo madogo ya Macalder, Osiri na Mikei hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulishaonya juu ya athari zake kwa mazingira na afya. Zebaki ikiingia mtoni hukaa kwenye tope, na ningu ni samaki alaye juu ya tope. Hapa suala la samaki na suala la mlaji hayawezi kutenganishwa.

Kuna pia tambarare yenyewe. Nyatike ya chini, eneo la delta ya Kuja, hufurika karibu kila masika ya nguvu. Nyumba huzama, shule hufungwa, watu hukimbilia sehemu za juu na mifugo yao. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kilichovunja rekodi ya 1964, na familia nyingi za ufukweni mwa Migori na Homa Bay zilipoteza makao. Kwa hiyo wakaazi wanapodai matuta ya kuzuia mto, wanadai haki yao ya kulala salama. Tambarare hiyo hiyo ina mpango wa umwagiliaji wa Lower Kuja, ambao umeleta mpunga na matumaini. Mhadhara huu hauombi mafuriko yaachwe yaue watu ili samaki wazae. Unaomba tu kwamba tuta linapochorwa, lisikate kila malisho na kila kijito kutoka kwenye mto. Sehemu zisizo na makazi zaweza kuachwa wazi zipokee maji. Hilo huwasaidia hata wanaoishi karibu, kwa sababu maji yaliyopata mahali pa kutanda hayapandi juu sana penginepo.

Sasa turudi kwenye wiki zile za masika. Kenya tayari ina desturi ya kufunga uvuvi kwa majira katika ziwa hili. Kwa kawaida uvuvi wa omena husimamishwa tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Julai, ili dagaa hao wapate kuzaliana. Wavuvi wananung'unika, wachuuzi wanahesabu hasara, bei hupanda sokoni, lakini kila mtu kuanzia Muhuru hadi Mbita anajua kwamba kuna miezi ya kufunga na miezi ya kufungua. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, vina kazi ya kulinda mazalia ya samaki na kusaidia kuzuia zana haramu. Yaani desturi ipo, walinzi wapo, kalenda ipo, na kwa bahati kalenda hiyo inaangukia ndani ya masika.

Tatizo ni mahali macho yanapotazama. Marufuku ya omena inahusu maji ya wazi, taa na nyavu za dagaa. Mlango wa Kuja na milango ya Awach haimo katika marufuku hiyo. Mtu aliyekatazwa kuvua omena mwezi Aprili, mwenye watoto wa kulisha, yuko karibu mno na mahali ambapo samaki wenye mayai wanajipanga kupanda. Kufunga ziwa na kuacha mlango wa mto wazi katika miezi hiyo kunamlinda samaki mmoja na kumwacha mwingine katika saa yake dhaifu kuliko zote. Linalotakiwa ni kupanua kidogo tu maana ya marufuku iliyopo: eneo la mbele ya kila mlango wa mto, pamoja na kilomita za kwanza za mto, lisiwe na wavu wowote katika wiki ambazo maji yanapanda. Mpaka uwekwe kwa maboya na nguzo, uonekane kwa mvuvi wa usiku.

Kufunga huko hakuna haki kama mvuvi ataachwa mikono mitupu. Bangladesh ina somo la kufaa. Huko samaki aitwaye hilsa hupanda kutoka baharini kuingia mito mikubwa kuzaa, na kila mwaka serikali hufunga uvuvi wake kwa siku 22, kwa kawaida mwezi Oktoba, majike wanapokuwa tayari. Katika marufuku hiyo familia za wavuvi walioandikishwa hupewa mchele. Mgao una malalamiko yake, kama mgao wowote, lakini msingi wake ni wa haki: jamii nzima itakula samaki mwaka unaofuata, basi jamii nzima ichangie gharama ya kusubiri. Migori na Homa Bay hazina idadi ya wavuvi wa Bangladesh. Wavuvi wa milango ya mito ni wachache, wanajulikana kwa majina na BMU zao, na wiki zinazohusika ni chache.

Kuna njia nyingine inayopendwa na wafadhili, nayo ni kumzalisha ningu kwenye mabwawa. Nchini Uganda Justus Rutaisire na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba ningu aweza kutagishwa nje ya mto kwa kuchochewa na homoni. Nchini Kenya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, imemfanyia kazi katika kituo chake cha Kegati, katika milima ile ile ya Kisii inayozaa Mto Kuja. Kazi hiyo ina thamani. Inaweza kumrudisha ningu kwenye sahani za watu bila kumgusa aliye mwituni, na inaweka akiba endapo mto mmoja utampoteza kabisa. Lakini kifaranga wa bwawani akiachiwa mtoni hukutana na wavu ule ule uliomnasa bibi yake. Na ni busara pia kutochanganya ovyo samaki wa mito tofauti, kwani kila mto umewalea wa kwake kwa muda mrefu. Bwawa lisaidie, lisigeuzwe kisingizio cha kuuacha mto.

Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, limemweka ningu katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hata hivyo bado yupo. Bado hupatikana katika Kuja, katika Sondu, katika Mara. Samaki anayetaga makumi ya maelfu ya mayai kwa msimu ana uwezo wa kurudi kwa kasi ambayo ndovu au kifaru hawezi kuiota, mradi majike wafike kwenye nyasi.

Kufika huko kunategemea kujua siku, na hapa kalenda ya karatasi haitoshi. Masika huwahi mwaka mmoja na kuchelewa mwingine. Marufuku inayoanza tarehe moja daima itakosa mafuriko ya kwanza miaka mingine. Ishara ya kweli ni maji yenyewe, na maji hayo tayari yanapimwa. Mito hii ina vituo vya kupimia kimo chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mvua kubwa inapotarajiwa, ili watu wa Nyatike wahamishe mifugo na vyakula. Tahadhari hiyo hiyo ikipelekwa kwa simu kwa viongozi wa BMU za mlangoni mwa Kuja, Sondu na Awach, itawapa muda wa kutosha wa kuingia kwenye mitumbwi na kuinua nyavu kabla maji mekundu hayajafika.